Kila hatua ina kazi yake: kuelewa ufunguzi wa sataranji bila kukariri

Daftari langu la kwanza la sataranji lilikuwa na jalada la buluu. Nililinunua kwa ajili ya vipimo vya waya na hesabu za vifaa, maana mimi ni fundi umeme hapa Tanga, lakini likaishia kujaa hatua za ufunguzi, yaani mwanzo wa mchezo, uitwao Kiitaliano. Kwa miezi miwili, kila usiku nikishaoga na kula, nilikaa nalo mezani nikikariri. Nilifika mahali naweza kutaja hatua kumi na mbili za kila upande bila kutazama ubao.

Yakaja mashindano madogo ya Jumamosi, nikapangwa na binti wa shule, kama miaka kumi na miwili hivi. Nikasukuma askari hadi mraba wa e4, akajibu e5 (namna ya kusoma miraba nitaieleza chini kidogo). Nikatoa farasi f3. Daftari langu lilisema sasa na yeye atatoa farasi, c6. Hakutoa. Alisukuma d6, akaandika kwenye karatasi yake, akakunja mikono akasubiri.

Sikuwa na ukurasa wa hiyo. Basi nikaendelea na hatua zangu vilevile, kana kwamba na yeye anafuata za daftari: askofu c4, askari c3, askari d3, kaslingi (hatua ya kuhamisha mfalme na ngome kwa pamoja). Hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa kosa kubwa, na hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa najenga kitu nisichojua ni cha nini. Kufika hatua ya kumi na tano kete zake zote zilikuwa zimeshatoka zina pa kwenda, zangu zinabanana zenyewe kwa zenyewe. Nikafungwa.

Kwenye daladala ya kurudi nyumbani nilikuwa na swali moja tu kichwani: ile c3 ilikuwa na kazi gani?

Jibu lake ndilo lililonifundisha sataranji, kwa hiyo naomba ulifuate pole pole ukiwa na ubao mbele yako. Kama hujazoea kusoma miraba, safu zinaitwa a hadi h kuanzia kushoto kwa Mweupe, na mistari ni 1 hadi 8 kuanzia upande wake. Kete nitaziita mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi na askari. Kijiweni kwenu mkiwa na majina mengine, hakiharibiki kitu.

Kwenye Kiitaliano chenyewe Mweusi ana askari e5, farasi c6 na askofu c5. Sasa hesabu ni nani wanaoutazama mraba wa d4: huyo askari, huyo farasi, na huyo askofu. Watatu. Mweupe naye anautaka mraba huohuo, ili askari wake wa d na wa e wasimame bega kwa bega katikati ya ubao. Akimsukuma d4 moja kwa moja ataliwa, na atakayelipa kisasi ni farasi, si askari, kwa hiyo katikati atabaki askari mmoja badala ya wawili. Ndiyo maana anatanguliza c3. Mweusi akila d4, askari wa c anakula na kusimama palepale, na wawili wanabaki wawili. Hiyo ndiyo kazi ya c3. Na ina gharama yake: inamnyima farasi wa b1 kiti kizuri cha c3.

Turudi kwa yule binti. Hana farasi c6, hana askofu c5. Mraba wa d4 unatazamwa na askari wake wa e5 peke yake, na mimi nina farasi wa f3 na malkia wa d1 wanaousaidia. Ningeweza kusukuma d4 hatua ya tatu tu, bila c3, bila kulipa ile gharama. Mlango ulikuwa wazi, mimi nikakaa kuchonga ufunguo.

Kuuliza badala ya kukariri

Fundi aliyekariri nyaya za nyumba moja akipelekwa nyumba ya pili anapotea. Anayejua kwamba umeme unatoka kwenye mita, unapita kwenye swichi kubwa, unagawanywa, kisha kila waya unakwenda kumhudumia mtu fulani, huyo hata umpeleke nyumba ambayo hajawahi kukanyaga atafuata waya mpaka afike. Hivyo ndivyo ninavyotaka usome ufunguzi. Usiulize "hatua ya saba ni ipi?" Uliza "huyu amekwenda pale kumhudumia nani?"

Mimi huuliza hivi kwa kila hatua, yangu na ya mwenzangu. Inagombea mraba upi? Inamfungulia nani njia? Na la tatu, ambalo watu wengi hawaliulizi: imeacha nini nyuma? Kila kete ikihama kuna mraba iliokuwa inaulinda ambao sasa haulindi tena. Askari yeye akishapita hawezi kurudi kuulinda, na mwenzako akiwa macho atakuja kukaa hapo.

Lifanye kwa vidole mara ya kwanza, hata kama unaona ni la kitoto. Chukua ubao mtupu na kunde kidogo. Weka farasi f3, kisha weka punje kwenye kila mraba anaoweza kuruka: punje nane. Mhamishie h3: nne. Mtie pembeni kabisa, a1: mbili. Umeshaelewa kwa nini karibu kila ufunguzi unatoa farasi kuelekea katikati, na hukukariri chochote. Sasa panga kete zote za mwanzo. Askofu wa f1 hana hata mraba mmoja wa kwenda. Sukuma e4, hesabu tena: askofu ana miraba mitano, na malkia amepata minne. Rudisha, sukuma d4: askofu wa c1 amepata mitano, malkia miwili. Hatua moja ya askari imewafungulia watu wawili na bado imeshika sehemu ya katikati. Ukishaona hivyo hutahitaji mtu akuambie kwa nini wachezaji hawaanzi na a4.

Babu yangu hakuijua sataranji, alicheza bao. Bao la Kiswahili lina kete 64, idadi ileile ya miraba ya ubao wa sataranji, na kila mchezaji anaanza na kete kumi ubaoni na ishirini na mbili mkononi. Sikumbuki kumwona babu wala wazee wenzake barazani na daftari. Mtu akinamua vibaya, yaani akiweka kete ya mkononi ubaoni vibaya, anaulizwa palepale, mbele za watu: "Pale umeweka kwa ajili ya nini?" Naye lazima ajibu. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba lile swali ndilo lilikuwa darasa lenyewe.

Anza na askari, kete nyingine baadaye

Mfaransa Philidor, aliyekuwa mwanamuziki, aliandika mwaka 1749 kwamba askari ndio roho ya mchezo. Ile d6 ya yule binti ndiyo inayoitwa kwa jina lake mpaka leo. Nilikuwa nikiyasikia maneno hayo kama mapambo tu, hadi nilipoanza zoezi moja ambalo nalipendekeza kuliko yote mengine humu.

Cheza ufunguzi wowote hadi hatua ya nane au ya kumi. Simama. Ondoa kila kitu ubaoni isipokuwa askari na wafalme. Kinachobaki ni mifupa ya mchezo. Sasa tazama: ni nani mwenye nafasi kubwa, na upande upi? Safu ipi iko wazi, kwa maana ngome itapenda kwenda huko? Askari yupi hana mwenzake wa kumlinda? Na nani anaweza kusukumwa akagongane na askari wa adui ili kuuvunja huo mpango? Ukimaliza, rudisha kete moja moja na jiulize kila moja inataka kukaa wapi kwenye mifupa ile. Utashangaa. Mara nyingi utazirudisha palepale wachezaji wakubwa wanapoziweka, ila sasa unajua sababu.

Kwa nini askari? Kwa sababu farasi akikosea leo kesho atarudi. Askari hatembei kinyumenyume. Umbo analolichora kwenye hatua kumi za kwanza linaweza kukaa hadi hatua ya arobaini, na funguzi nyingi zenye majina tofauti huishia kwenye umbo moja. Ukilielewa umbo moja umeelewa funguzi tatu au nne kwa pamoja. Mkariri angehitaji daftari nne.

Mfano: Kifaransa, nikiwa na mpwa wangu

Mpwa wangu yuko kidato cha pili. Sisi tunaitana mjomba, yeye kwangu na mimi kwake, kwa hiyo mazungumzo yetu ubaoni mtu wa nje anaweza kuchanganyikiwa. Nilimfundisha Ulinzi wa Kifaransa Jumapili moja, kwa masharti kwamba asiandike hatua hata moja.

Jina lenyewe lilitokana na mechi ya barua kati ya London na Paris iliyoanza mwaka 1834. Mweupe alisukuma e4, watu wa Paris wakajibu e6, na Paris wakashinda. Napenda kumwambia mtoto kwamba hatua zile zilisafiri kwa posta. Mtu alikuwa na siku nzima ya kuuliza "kwa nini" kabla ya kutia bahasha gundi.

Tukacheza: e4 e6, d4 d5. Mweupe anasukuma e5, Mweusi anajibu c5. Hapo nikamsimamisha.

"Mjomba, Mweupe amepata nini kwa kusukuma e5?"

Akatazama. "Amepata nafasi. Na farasi wangu wa g8 hawezi kukaa f6, ataliwa na huyu."

"Na amepoteza nini?"

Hapo alikaa kimya muda mrefu. Nikamwondolea kete zote nikabakiza askari. Wa Mweupe wanakwenda kwa mshazari, d4 na e5, mnyororo mfupi. Wa Mweusi wako e6 na d5, wamegusana nao uso kwa uso. Akasema e5 anashikiliwa na d4. Nikauliza d4 anashikiliwa na nani. "Na hakuna askari." Basi. Sasa ile c5 ilikuwa imejieleza yenyewe. Aron Nimzowitsch, mzaliwa wa Riga, ndiye aliyelisisitiza sana jambo hili: mnyororo wa askari unapigwa kwenye shina lake, siyo kwenye ncha. Mtoto alikuwa amelifikia mwenyewe kwa kuondoa kete ubaoni.

Kuanzia hapo nilikuwa nauliza swali moja tu: nani tena anaweza kuja kumsumbua d4? Mweupe akasukuma c3 kumshikilia, hatua ileile ya Kiitaliano, kwa sababu ileile. Mweusi akatoa farasi c6: anamtazama d4. Mweupe akatoa farasi f3: anamlinda d4. Mpwa wangu akamtoa malkia hadi b6 bila kuambiwa na mtu, kwa sababu aliona kwamba kutoka b6, nyuma ya askari wake wa c5, malkia anamtazama d4 naye. Wachezaji wa kulipwa huicheza hatua hiyohiyo. Hata yule farasi wa g8 aliyenyimwa f6 akamtafutia njia: e7 kisha f5. "Kwa nini f5?" Akacheka, "Mjomba, d4 tena."

Sasa sehemu ambayo kukariri kungetuua. Mimi nilikuwa Mweupe. Zamu yangu ikafika, na askofu wa f1 anataka kutoka. Kwa macho, d3 ni pazuri kuliko e2, anaonekana anatazama mbali kuelekea mfalme. Nikampeleka d3. Mpwa wangu akahesabu kwa kidole: d4 anashambuliwa na askari wa c5, farasi na malkia, watatu. Analindwa na askari wa c3 na farasi wa f3. "Na malkia wako wa d1 haoni tena, umemziba na askofu." Sawa kabisa. Kwa hiyo akala d4 kwa askari, nikala kwa askari wangu wa c, akanyoosha mkono kumchukua huyo d4 kwa farasi.

Nikamwambia ale. Akala. Nikala farasi kwa farasi, akala kwa malkia. Amepata askari bure, malkia wake amesimama d4 katikati ya ubao. Kisha nikamsogeza askofu wangu kutoka d3 hadi b5, cheki, yaani mfalme wake anashambuliwa.

Aliganda. Askofu ameondoka kwenye safu ya d, kwa hiyo malkia wangu wa d1 sasa anamwona malkia wake wa d4 bila kizuizi. Na hawezi kumwokoa, kwa sababu mfalme wake ana cheki na lazima ajibu cheki kwanza. Malkia amekwenda.

Hili ni maarufu, limo kwenye kila orodha ya mitego. Lakini sikutaka alikumbuke kama mtego. Niliuliza: cheki ile imewezekana kwa nini? Akafuata mshazari kwa kidole: b5, c6, d7, e8. c6 pako tupu kwa sababu farasi alikwenda kula. d7 patupu tangu mwanzo. "Ningeziba d7 kwanza." Nani azibe? Akasema askofu wa c8, ambaye kwenye Kifaransa huwa amefungiwa ndani na askari wa e6 na hana kazi nyingine. Tukarudisha. Akaweka askofu d7, na mara tishio la kumla d4 likawa la kweli. Sasa mimi ndiye niliyetakiwa kujieleza: nimrudishe askofu nyuma, au nimtoe yule askari kwa makusudi ili kete zangu zipate kasi, kama wengine wanavyofanya.

Kisha akauliza swali lililonifurahisha kuliko yote siku ile: "Mjomba, ungemweka e2 tu, malkia wako angeendelea kuona d4, si ndiyo?" Ndiyo. Ile hatua inayoonekana ya uvivu ndiyo iliyokuwa inafanya kazi.

Kanuni nazo hukaririwa

Kuna mtu atasema: basi nitashika kanuni. Toa farasi kabla ya maaskofu, usimtoe malkia mapema, usimweke farasi pembeni, fanya kaslingi haraka, mfalme aende akajifiche nyuma ya askari wake. Ni nzuri, na mtu anayeanza azishike. Lakini kanuni isiyo na sababu ni kukariri tu kwa jina jingine.

Angalia hii. e4 e5, farasi f3, farasi c6, askofu c4, na Mweusi anatoa farasi f6. Mweupe anampeleka farasi g5. Amehamisha kete ileile mara mbili, kinyume cha kanuni, lakini ana sababu: f7 inalindwa na mfalme peke yake, na sasa inatazamwa na farasi na askofu. Mweusi anasukuma d5 kumziba askofu, Mweupe anakula kwa askari wa e. Mkono unataka kumla huyo askari wa d5 kwa farasi. Ukimla, Mweupe anaweza kumtoa farasi wake mhanga kwenye f7, mfalme anamla, malkia anatoka f3 kwa cheki huku akimtishia na farasi wa d5. Mfalme akitaka kumlinda analazimika kutembea hadi e6, katikati ya barabara, na bado hata askofu wake hajatoka.

Jibu wanalolipendelea wengi ni farasi wa c6 kwenda a5. Pembeni kabisa! Punje zetu za kunde zinasema hapana. Lakini uliza kazi yake: anamfukuza yule askofu wa c4 ambaye ndiye chanzo cha maumivu ya f7. Kazi imeishinda kanuni.

Na hapa niseme wazi. Pako mahali kama hapa ambapo hatua moja ikikosewa mchezo umekwisha, na huko itabidi ujue baadhi ya hatua zenyewe. Siyo nyingi. Ukishajua kila moja inafanya nini zinakaa kichwani bila kulazimishwa, kama vile unavyojua njia ya kwenda sokoni.

Funika karatasi

Tafuta michezo kamili ya zamani, siyo orodha za hatua. Nasema ya zamani kwa sababu makosa yake yanaonekana kwa macho na adhabu inafika mapema. Mmoja unatosha kwa wiki nzima: Paul Morphy, kijana kutoka New Orleans, Paris mwaka 1858, kwenye jumba la opera, dhidi ya aliyekuwa mtawala wa Brunswick, Ujerumani, na mwenzake Isouard walioshauriana upande mmoja. Wakacheza e5, kisha d6 kama yule binti. Morphy akasukuma d4 hatua ya tatu. Niliposoma hivyo mara ya kwanza nilisimama nikatembea chumbani.

Weka hatua zake kwenye simu au karatasi, funika kwa kadi, fungua moja moja. Kabla ya kila hatua ya Morphy, sema yako kwa sauti na sababu yake. Usijali kama umepatia. Ukikosea, uliza yake inafanya nini ambacho yako haifanyi. Mchezo ulikwisha kwa hatua 17. Mwishoni tazama upande wa Mweusi: askofu wa f8 na ngome ya h8 hawajahama hata mara moja. Wawili hao walikuwa watazamaji wa opera kama wengine.

Daftari la pili

Bado naandika, lakini siandiki hatua. Kila mchezo unapata mstari mmoja, wa Kiswahili, kuhusu mahali pa kwanza niliposhindwa kujibu "kwa nini". Hii ni mistari halisi ya mwezi uliopita: "Nimesukuma h3 kwa woga, hapakuwa na anayekuja g4." "Nimefungua safu ya e wakati mfalme wangu bado amekaa humo." "Nimebadilishana askofu wangu mzuri kwa sababu tu ilikuwa inawezekana." Baada ya michezo ishirini utaona mistari inajirudia. Ugonjwa wako ndio huo, na hakuna orodha ya hatua iliyoandikwa kwa ajili yake.

Kwa kucheza, mimi natumia Lichess, tovuti ya sataranji, ni ya bure. Chagua mchezo wa dakika kumi na tano au zaidi. Ile ya dakika tatu ni tamu, nakubali, lakini haina nafasi ya kuuliza. Ukimaliza fungua sehemu yake ya kuchunguza funguzi, uone uliachana na njia ya wengi hatua ya ngapi. Usikimbilie kumuuliza Stockfish, programu ya kompyuta inayocheza sataranji. Kwanza andika sababu yako, ndipo uiwashe mashine, kwa sababu yenyewe itakupa namba na hatua, haitakupa sababu. Ukiona inapendekeza kitu usichokielewa, cheza hatua mbovu ya makusudi upande wa pili uone inaadhibu vipi. Mara nyingi sababu imejificha hapo.

Na mkicheza ana kwa ana, baada ya kupeana mikono mwombe mwenzako mrudie hatua kumi za mwanzo. "Hapa ulikuwa unataka nini, kaka?" Sijawahi kumkuta mtu akikataa kujibu. Yule binti wa d6 nilimuuliza hivyo siku ileile, akanijibu kwa heshima kabisa: "Shikamoo, mimi nilikuwa nailinda e5 tu."

Mara moja kwa wiki, kama una mtu wa kucheza naye, changanyeni kete za mstari wa nyuma. Bobby Fischer alitangaza mtindo huo Buenos Aires mwaka 1996: kete za nyuma zinapangwa kwa kura, sawa kwa pande zote, mradi maaskofu wakae kwenye rangi tofauti na mfalme awe katikati ya ngome zake. Mipangilio iko 960. Hakuna aliyeikariri. Hatua ya kwanza kabisa inabidi uulize askofu wangu anafunguliwa na askari yupi, farasi wangu atafikaje katikati, nani hana mlinzi. Mpwa wangu alinifunga michezo miwili ya kwanza ya namna hiyo, na nikamwona siku zile ameanza kutazama ubao wa kawaida kwa macho tofauti.

Juzi usiku amenitumia ujumbe: "Mjomba, kwenye Kifaransa, Mweupe badala ya c3 akiamua kumla tu c5 kwa askari wa d4?" Sikumpa hatua. Nimemwambia aondoe kete, abakize askari, kisha anitajie anayemshikilia e5. Akajibu hakuna. Nikamuuliza basi Mweusi atoe nani kwanza, na aelekee wapi. Ameniambia anafikiria farasi c6, lakini anaona na askofu anaweza kula c5 na kutoka kwa wakati mmoja, hajui ipi itangulie. Tutaiweka ubaoni Jumapili.